Shangazi wa Chumba cha Kusikilizia

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Shangazi anastaafu leo, tarehe 30 Juni, na chumba cha kusikilizia kinafungwa pamoja naye. Kesho mafundi wa rangi wanaingia. Mazulia ya ukutani yatang'olewa, na pale patauzwa makava ya simu. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa furaha, nami nitajitahidi.

Wageni wetu wasiomfahamu wajue kwamba Shangazi si shangazi wa mtu yeyote hapa dukani. Jina alilipata kwa sababu ya mdomo wake, maana alimsema mteja kama anamsema mtoto wa kaka yake. Mlinzi ndiye aliyeanza kumwita hivyo, mhasibu akafuata, na mwishowe wateja wenyewe wakazoea.

Alianzia kaunta ya redio, kisha akapewa chumba cha kusikilizia, mahali tunapouzia vyombo vya muziki vya bei kubwa. Mteja aliyeingia akitaka amplifaya yenye wati nyingi kuliko zote alijibiwa kwa swali: nyumbani una spika gani? Asiyejua alirudishwa akaangalie. Aliyejua aliulizwa tena sebule ina ukubwa gani, sakafu ni zulia au vigae, na jirani yuko upande upi. Spika nzito zinazokula umeme alizipa amplifaya yenye misuli. Spika nyepesi, zile zinazotoa sauti kubwa kwa wati chache, alizipa amplifaya ndogo na safi, hata kama mteja alikuja na hela ya kubwa. Hapo ndipo alipokuwa akikosana na uongozi.

Asidhaniwe malaika. Mwanzoni mwanzoni alimpa daktari mmoja wa meno amplifaya dhaifu kwa spika kubwa mno, kwa sababu tu yeye mwenyewe aliipenda sauti yake. Daktari akafanya sherehe, akaongeza sauti mpaka mwisho, amplifaya ikaanza kukwaruza na twita zote mbili, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, zikaungua. Wengi hudhani spika huunguzwa na amplifaya kubwa tu, kumbe ndogo iliyolazimishwa ni hatari vilevile. Shangazi alibeba lawama yote na akamfuata daktari nyumbani kumwomba radhi. Tangu hapo hakuuza kitu cha maana kabla ya kwenda kuisikiliza sebule ya mnunuzi. Alikuwa akisimama katikati ya nyumba ya watu, anapiga kofi moja na kutega sikio asikie mwangwi. Mke wa mteja mmoja alidhani anaua mbu, akamletea dawa ya kupuliza.

Meneja wetu wa sasa alitoka kwenye biashara ya fenicha. Yeye amplifaya huichagua kwa taa zake. Wamefanya kazi pamoja kwa heshima, yaani walikuwa wakisalimiana.

Nyumbani kwake Shangazi ana spika mbili ambazo maboksi yake yalichongwa na marehemu mumewe, aliyekuwa seremala. Ni za aina ile nyepesi, wati chache tu zinajaza nyumba. Amplifaya yake ya zamani iliungua muda mfupi baada ya msiba. Niliifungua kwenye meza yangu ya ufundi, nikahangaika nayo, nikashindwa. Kuanzia siku hiyo spika zimekaa kimya. Niliwahi kumpelekea nyingine ya kuazima. Alisikiliza wimbo mmoja, akaizima, akasema, "Mwanangu, hii inazifokea."

Aliyoitaka aliijua. Ilikuwa rafu ya chini kwenye chumba cha kusikilizia: amplifaya ndogo ya valvu, zile taa za kioo zinazoiva taratibu kama makaa. Kila jioni kabla ya kufunga aliiwasha kidogo, akaitazama, akaizima. Hakuna mfanyakazi asiyelijua hilo. Tulipochangishana zawadi hapakuwa na mjadala. Meneja akasema tumwachie yeye, kampuni itaongezea.

Na kweli imeongezea. Zawadi mnayoiona mezani, yenye utepe mwekundu, inabebwa na watu wawili na ina mishale inayocheza ndani ya vioo vya bluu. Ilikaa dirishani mwaka mzima bila kupata mnunuzi. Meneja alinieleza kwamba ile ndogo isingeonekana vizuri kwenye picha. Kwa spika za Shangazi, hii ukiiwasha tu utasikia mvumo kabla ya wimbo, na ukigusa kitasa cha sauti nyumba nzima inaruka. Duka zima la amplifaya, na muuza amplifaya wetu tumemchagulia isiyomfaa. Naona aibu, na hasira ninayo.

Jumatatu Shangazi aliikuta rafu ya chini tupu. Hakuuliza aliyeichukua. Alipangusa vumbi pale ilipokuwa, kisha akaniuliza, "Imeenda kwenye spika gani?" Nilijifanya napokea simu. Akasema anaomba tu wasiiweke kwenye chumba chenye vigae vitupu, halafu akaendelea kupangusa.

Shangazi, asante kwa masikio yako na kwa mdomo wako. Swali lako nalijibu leo, kwa kuwa Meneja ameidhinisha wasifu huu bila kuusoma. Alisema ni mrefu. Haikwenda kwenye spika yoyote. Mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka nyumbani kwa Meneja. Nilipouliza niiunganishe wapi, niliambiwa hakuna haja, niiweke tu juu ya kabati, kati ya saa na maua ya plastiki, kwa sababu inapendeza. Sakafu ni vigae vitupu.

Sisi wa karakana, kaunta na lango tunakutakia maisha mema, na sebule inayoimba tena. Gari la kampuni liko nje na funguo ninazo mfukoni. Meneja amekaa safu ya mbele, kiti cha pili kutoka kulia. Tunasubiri aseme neno moja tu, niende nikailete ile ndogo, kisha tukate keki.