Bibi Eufrosinia Gonța, Aliyewalisha Marehemu Wake

Huyu tunayemrudisha udongoni leo, Bibi Eufrosinia Gonța, alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1939 hapa hapa Cotul Mierlei, mtoto wa kwanza wa Mzee Nichifor na Mama Safta. Wasifu huu unasomwa na binti yake wa pekee, Agripina, aliyefika juzi kutoka Italia anakofanya kazi.

Alitakiwa kuanza shule mwaka 1946. Hakuanza. Mvua ilikataa, na nafaka kidogo iliyopatikana serikali iliichukua. Februari 1947 mdogo wake Tudorel, wa miaka minne, alikufa kwa njaa akiwa amelala naye kitanda kimoja. Eufrosinia alisoma baadaye, akamaliza darasa la saba mwaka 1955. Akiulizwa shule ilimfunza nini, alikuwa akijibu, “Kuandika jina langu na kuficha mkate.”

Kuanzia 1957 hadi 1994 alikuwa mpishi wa chekechea ya shamba la ushirika. Hakuna aliyepita mikononi mwake akabaki amekonda. Mkaguzi mmoja alikuja kumkaripia kwa kuzidisha siagi. Aliondoka amelegeza mkanda, na karipio hakulikumbuka tena.

Tarehe 12 Novemba 1961 aliolewa na Pantelei Gonța, dereva wa trekta, mtu mpole aliyezoea kutania, “Huyu mke hanipendi, ananinenepesha tu.” Walijaliwa Agripina mwaka 1972. Pantelei alifariki mwaka 2003.

Mwaka 2010 Agripina alikwenda Italia kuwatunza wazee wa watu, akamwacha binti yake Ruxanda, wa miaka minne, kwa bibi. Hapo ndipo Bibi Eufrosinia alipopata wa kulisha tena. Jumamosi za marehemu, kama ilivyo desturi yetu, alimpa mjukuu sahani kwa jina la Tudorel, nyingine kwa jina la Pantelei, kwa kuwa anachokula mtoto humfikia aliyetajwa. Desturi hiyo haikumdhuru mtu kijiji kilipojaa watoto, maana kila mmoja aliambulia kipande. Sasa vijana wote wako ugenini, shule ina wanafunzi kumi na mmoja, na makaburi hayapungui. Kila bibi wa kijiji hiki analeta mkate wake, asali yake na nyama yake ya nguruwe kwa watoto wale wale. Mwalimu wa michezo ameacha kuwakimbiza. Anawatembeza hadi langoni na kurudi, nao wanahema.

Ruxanda alikuwa akirudi nyumbani anajisifu. “Bibi, leo nimemlisha hadi marehemu mume wa jirani, Bibi Varvara.”

“Mungu akubariki, mboni yangu. Kaa ule sasa.”

Mwaka jana Agripina aliona kwenye simu ya video kwamba shingo ya mtoto imekuwa nyeusi. “Mama, mbona mtoto haogi?”

“Namsugua kwa sabuni na brashi, mwanangu. Haitoki.”

Alisugua hadi ngozi ikachubuka. Muuguzi wetu Zinovia ndiye aliyemshika mkono. “Acha kusugua, bibi. Huo si uchafu. Sukari inamnyemelea huyu mtoto. Mpunguzie sahani.”

“Nimnyime nani? Tudorel au Pantelei?”

Watoto wengine watano wa shule hiyo wana shingo kama hiyo.

Tarehe 20 Agosti mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi. Alilazwa hospitali ya wilaya, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Maneno yalimwishia moja moja. Aliyobaki nayo alimpa Ruxanda: “Na mimi utanilisha?”

“Nitakulisha, bibi. Usiogope.”

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019, akiwa na miaka themanini.

Ameacha binti, Agripina, na mjukuu, Ruxanda, mwenye miaka kumi na tatu. Hati za Ruxanda za kwenda Italia hazijatoka. Hadi zitoke atakaa kwa jirani yetu mwema, Bibi Varvara. Jana, marehemu akiwa bado sebuleni, Bibi Varvara alimpa mtoto mkate wa asali uani, akamwambia, “Kula, binti, bibi yako yuko safarini.” Agripina aliunyakua. Ruxanda akalia, “Mama, unataka afike na njaa?”

Ndugu zetu, tukitoka hapa meza ziko tayari. Kuleni nyinyi watu wazima kwa jina lake, hata mshindwe kusimama. Mtoto asipewe sahani ya marehemu yeyote, leo wala Jumamosi ijayo. Bibi Varvara, tunakuomba wewe kuliko wote, na tunaona umeshika kikapu.

Mungu ampokee Eufrosinia mahali penye shibe. Na amwambie Ruxanda, kwa njia anayoijua Yeye, kwamba bibi yake amefika na amekula, maana kutoka kwetu mtoto hasadiki.