Aliyebwechuka Si Ushahidi

Kwenye treni, binti aliyejitolea kuhariri ensaiklopidia ya mtandaoni alikuwa na kura ya kupiga: neno jipya la vijana, "kubwechuka", yaani kusinzia huku unaitikia "ehe", libaki au lifutwe? Fundi cherehani aliyekaa ubavuni mwake alichungulia simu yake bila haya.

"Usilifute, mwanangu. Hilo ni neno alilolibuni marehemu mke wangu. Alinirekodi nimebwechuka, kitindamimba wetu akairusha video hiyo mtandaoni, nikachekwa na dunia nzima."

"Pole, baba. Gazeti gani liliandika?"

"Gazeti la nini? Aliyebwechuka ni mimi!"

"Wewe huhesabiki."

"Sihesabiki? Nimekaa hapa, napumua!"

"Kupumua si ushahidi, baba." Yalimtoka, akatamani kuyameza. Lakini aliipenda ile sheria ya ensaiklopidia, kwamba kila jambo liwe limechapishwa kwanza kwingine; bila hiyo, kila mwenye simu angejiandika mfalme.

"Basi waite hao wa gazeti, nibwechuke mbele yao!" Abiria wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. "Vijana wanasema neno ni lao. Mimi nataka jina la mke wangu likae mahali. La kaburini mvua imeshalifuta."

Treni ikasimama kwenye stesheni ya binti. Kura hajapiga, na kushuka hakushuka.