Simu Niliyowapigia Wakaguzi wa Farasi

Mchungaji amenipa dakika kumi, na mnanijua, fundi cherehani akishapata uzi hakati upesi. Mnivumilie.  Sitataja jina la mtu. Mwenyewe ameniruhusu niseme, mradi jina lake nisilitaje. Yuko humu ndani. Tafadhali msigeuze shingo.

Ndugu zangu, watu wanasema yule fundi wa mtaa wa Bellevue, yaani mimi, aliliwa na farasi. Hapana. Farasi walinikuta nimeshaliwa. Ugonjwa wangu ulikuwa wivu, na leo nitausema ulivyo.

Huyu ndugu tulitoka naye mji mmoja, Bukavu, ila mimi nilitangulia. Alifika hapa Johannesburg na begi moja, hajui hata kutia zipu. Nikampokea. Tukapanga chumba cha mbele kwenye nyumba moja ya zamani, mimi meza ya mlangoni, yeye meza ya dirishani. Akaniita yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake. Nilimfundisha zipu, kola, mifuko ya suruali. Miaka miwili tu, wateja wakaanza kuipita meza yangu. Siku moja mama mmoja aliingia, akanisalimia vizuri sana, halafu akauliza yule kijana yuko wapi. Nikamwambia amesafiri. Alikuwa chooni. Eish, ule uongo ulikuwa mtamu, nawaambia kweli.

Sasa farasi. Karibu na robot, zile taa za barabarani, kwenye barabara inayopanda kwenda mtaa wa Observatory, kulikuwa na duka la kubeti. Skrini zimejaa ukutani: mbio zinakimbia Durban, Cape Town, Mauritius, Uingereza, na wewe umesimama Johannesburg na tiketi mkononi. Jumamosi mchana tulikuwa tunaenda kupumzisha macho. Sisi mafundi hatujui farasi, kwa hiyo tulichagua kwa nguo ya mpandaji. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wanapozungushwa kabla ya mbio tunatazama zile jezi, tunasema ile ya njano imekaa vizuri mabegani, ile ya mistari inavuta kwapani, aliyeshona hakupima. Farasi niliyemchagua mimi alifika wa mwisho. Wa kwake alishinda, na si mara moja. Akanunua mashine ya ovaloki, ile ya kumalizia kingo za nguo, kwa jicho nililomfundisha mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kucheza kweli. Na nisikilizeni vizuri: sikucheza ili nishinde, nilicheza ili yeye ashindwe. Akisema namba nne, mimi naweka pesa kwa farasi mwingine yeyote, kisha nasimama pale namwomba Mungu, Mungu huyu huyu, namba nne ajikwae. Kodi ya nyumba ikaenda. Friji nikaiuza. Mke wangu akawa anapeleka nyama kugandishwa kwa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa mke wa huyo huyo. Kila nilipokula nyama nilihisi nimelishwa na yeye.

Halafu lile duka likaanza kudai karatasi. Kama huna kitambulisho au karatasi ya ukimbizi ambayo muda wake haujaisha, hawakuandikishi. Yangu ilikuwa sawa. Ya kwake ilikuwa imeisha. Alienda kuihuisha akaambiwa mtandao umekatika, arudi. Akarudi, akaambiwa arudi tena. Zile foleni mnazijua. Basi yeye na wengine wakahamia kwenye nyumba moja mtaa wa tatu kutoka kwetu, ambako bwana mmoja alifunga dishi kwenye chumba cha nyuma, anaonyesha mbio zile zile na kupokea pesa za watu. Hakumwuliza mtu karatasi, kwa sababu na yeye hakuwa na karatasi ya leseni.

Maana jimbo lina sheria yake. Kule dukani leseni ilitundikwa ukutani kwenye fremu, na chini yake tangazo. Anayeonyesha mbio zinazokimbia nje ya jimbo na kupokea pesa juu yake, lazima awe na leseni ya hapa. Ukicheza kwa asiye na leseni, ulichoshinda si chako, serikali inakichukua. Mwisho kabisa, namba ya simu ya kuwaita wakaguzi. Nililisoma lile tangazo hadi nikalikariri. Msinitazame hivyo. Mwenye wivu anaijua sheria kuliko wakili.

Jumatano moja alirudi chumbani anaimba. Ameshinda mbio tatu kwenye tiketi moja, zote za Uingereza, na yule bwana amemwambia aje Jumamosi saa nane achukue pesa yake. Akanikumbatia. Akasema, "Yaya, sasa tunafungua duka letu, mimi na wewe."

Mwingine angecheka naye. Mimi nilisikia kama ananitupia sadaka. Duka letu, kwa pesa yake? Niingie kila asubuhi kwenye duka la mwanafunzi wangu? Nikamwambia hongera, nikatoka, nikanunua muda wa maongezi kwenye spaza, kile kiduka cha pembeni, nikapiga ile namba. Nikataja mtaa, nyumba, siku na saa.

Je, niliikumbuka karatasi yake? Niliikumbuka. Msije mkasema sikujua. Nilijiambia wakaguzi wa kamari wanaangalia leseni, hawaangalii ukimbizi wa mtu. Nilitaka pesa zipotee tu, abaki sawa na mimi.

Jumamosi saa nane nilisimama ng'ambo ya barabara nakula chipsi. Nilitaka kumwona usoni. Wakaguzi wakaingia, wakatoa televisheni, wakatoa pesa kwenye mfuko wakaufunga. Lakini walikuja na polisi, na polisi wakaanza kuuliza karatasi mmoja mmoja. Akatoka na pingu. Akaniona. Akafikiri nimekuja kwa ajili yake, akaniita, "Yaya, mwambie mama watoto asiogope."

Nilimwambia. Nilimpelekea mkewe ule ujumbe kwa mdomo huu huu, na akanishukuru.

Wakampeleka kwenye kituo cha kushikilia wahamiaji, wakisubiri kumrudisha kwao. Chumba kikawa changu peke yangu. Wateja wote wakawa wangu, amani yote, lakini nilikuwa nashona nguo zinatoka zimepinda. Siku ya tano mkewe akaingia na gunia. Ndani mlikuwa na magauni ya kwaya, mengine yamekwisha, mengine bado. Akasema, "Shemeji, ameagiza nikuletee wewe. Anasema watu wasikose nguo zao kwa sababu yake."

Nikayapokea. Na mnajua nilichofanya kwanza? Nikayageuza ndani nje kutafuta kasoro. Hata hapo, mwenzangu yuko ndani, mimi natafuta kasoro. Nilitaka angalau mshono mmoja mbaya nijifariji nao. Sikuupata. Nilichopata ni hiki: mwisho wa kila zipu alirudisha mshono mara tatu, kisha akaficha fundo chini ya bitana. Hakuna fundi mwingine hapa anayefanya hivyo. Ni tabia yangu, nilimwonyesha wiki yake ya kwanza. Miaka yote ile alikuwa anashona kama mimi, na mimi nimekuwa nikiuonea wivu mkono wangu. Niliweka gauni chini nikalia kama mtoto.

Nikaenda kwa mama mmoja wa hapa kwetu, mwenye saluni, mnayemjua kwa maombi. Nilidhani atanishika mkono aseme Mungu anasamehe. Alikuwa anasuka mtu, hakuacha hata kusuka. Akasema, "Usiniambie mimi. Si mimi niliyefungwa."

Nikarudi nikamwambia mkewe. Hakupiga kelele. Alifunga mlango, na kwa miezi mitatu sikumsikia akiniita shemeji tena. Yule mama wa saluni akanipeleka kwa wakili anayesaidia wakimbizi bila malipo, nikaandika maelezo yangu yote, kwamba mimi ndiye niliyepiga simu na kwa nini, na kwamba huyu alienda kuihuisha karatasi mara tatu na mara zote nilikuwa naye kwenye foleni. Kisha nikaenda kule kituoni, nikakaa mbele yake, nikamwambia mwenyewe.

 Akaniuliza, "Yaya, ile pesa ungeniomba, nisingekupa?"

Nikamjibu, "Ungenipa. Ndiyo maana sikuomba."

Wakili akafanya kazi yake, ndugu yangu akatoka baada ya majuma saba, na karatasi mpya. Zile pesa hazikurudi, sheria ni sheria. Na yeye hakurudi kwenye chumba chetu. Alihamisha mashine zake mtaa mwingine, na nilimsaidia kubeba hadi kwenye gari; hakuniambia nibebe, wala hakunizuia. Mimi farasi nimeacha. Tukikutana ananisalimia. Mimi sidai zaidi ya hapo.

Namshukuru wakili yule, ambaye kama alinidharau hakunionyesha. Namshukuru mama wa saluni kwa kukataa kunifariji. Namshukuru mke wangu, aliyekaa na mwanamume aliyeuza friji kwa chuki. Na ninyi mlio humu, kama kuna mtu ambaye mafanikio yake yanakukosesha usingizi, usiupe wivu huo jina lingine. Usiuite haki, usiuite sheria. Mimi niliuita sheria, na sheria ilifanya kazi yake sawasawa, ila mkono uliopiga simu ulikuwa wa Kaini.

Na wewe, ndugu yangu nisiyekutaja. Nimesikia umepata duka, na kibao kina jina lako. Jana nilipita kulitazama. Ni zuri. Nikakuonea wivu, sitadanganya, nikausikia kabisa unapanda hadi shingoni. Ila safari hii sijampigia mtu simu. Nimesubiri hadi leo nikwambie wewe.