Honi Ndefu kwa Mzee Jailos

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Mzee Jailos Kihwele, dereva wa lori la shule yetu ya sekondari ya Itengulima na mjumbe wa Baraza la Shule, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 12 Desemba 1958. Wafanyakazi wenzake wa jikoni, wa bustani na sisi wa dobi tumeombwa tuandike maneno machache ya kusomwa kwenye sherehe. Wenzangu wamenisukumia mimi kwa kuwa nilifika darasa la nne, na kwa sababu nyingine ambayo mtaiona mbele. Basi ninaandika huku mtoto ananyonya, na mstari ukipinda mnisamehe, mguu wake ndio umenipiga mkono.

Mzee Jailos ni mtu wa Idodi. Alikuja hapa mwaka 1931 akiwa kijana, shule ikiwa bado ndogo ya misheni, akaajiriwa utingo. Kazi yake ilikuwa kuzungusha hendeli asubuhi za baridi mpaka injini ikubali, na huku kwetu juu injini haikubali upesi. Alipopewa usukani miaka mitano baadaye, alinunua kofia na akaivaa mpaka kanisani. Mchungaji alimtazama, yeye akamtazama Mchungaji, kofia ikatoka.

Lori lenyewe mnalijua. Wanafunzi waliliita Shangazi, kwa kuwa kila lilikofika lilifika na zawadi na maneno. Muhula ukiisha lilipakia watoto wa njia ya Mbeya, likashuka nao Igawa, Chimala, Igurusi, likapita Mbeya mjini, likapanda mlima wenye ukungu na kuteremkia Chunya kwenye vumbi. Mtoto mmoja alishuka hapa, wawili pale, kila mmoja na sanduku lake na bahasha ya ripoti ya maendeleo.

Sasa wapendwa, bahasha ile mama hakuigusa. Ilikwenda kwa baba, baba akaenda nayo kwa mtu ajuaye kusoma, na mama akangoja jikoni kama mgeni. Habari za mtoto aliyemzaa zilimfikia kesho yake au wiki ijayo, au hazikumfikia kabisa. Mzee Jailos ndiye aliyelimaliza jambo hilo, na alilimaliza kwa honi.

Ilianza kwa bahati tu, masika moja yenye matope mengi. Shangazi alikuwa anapanda mlima akiteleza, na dereva hakuthubutu kusimama kabla ya kufika juu. Mama mmoja akawa anakimbia kando ya gurudumu, kanga imemfunguka, anapiga kelele: "Baba Jailos! Wangu vipi? Kapanda darasani?" Mzee hakuweza kuachia usukani wala kutoa kichwa dirishani. Lakini alijua kuwa mtoto amepanda, akabonyeza honi, ndefu. Mama yule aliketi hapohapo kwenye matope akapiga vigelegele. Watu wa shamba la jirani walidhani kuna harusi inapita.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kabla ya mtoto kupanda lori, Mzee Jailos alimwuliza: umepanda, umebaki, au umeshuka? Wakikaribia kwao, honi moja ndefu ilisema amepanda kuliko muhula uliopita. Fupi mbili zilisema amebaki palepale. Aliyeshuka hakupigiwa kitu. Hapo sasa! Mama alisikia injini inakuja, inakuja, inakaribia, na kimya. Wengine walianza kuomba lori lisifike.

Kijana mmoja wa Igurusi alidanganya, akapigiwa honi ndefu, mama yake akachinja jogoo. Ukweli ulipojulikana Mzee Jailos hakugomba. Muhula uliofuata alimshusha mbali kidogo na nyumbani, akamwambia: "Leo honi imechoka, mwanangu. Nenda kwa miguu ukawe honi mwenyewe." Hatukusikia tena mwingine aliyedanganya.

Mambo hayo yalienda vizuri mpaka mwaka 1951, na hapa ndipo sherehe hii ilipokaribia kutokuwepo.

Kule Chunya aliishi Mzee Sedekia, mchimbaji wa dhahabu, mtu wa sauti kubwa. Mwanawe Didas alikuwa wa kwanza darasani kila muhula bila kukosa. Na kwa kuwa aliye wa kwanza hana pa kupanda, Didas hakuwahi kupigiwa honi ndefu hata siku moja. Alipata zake fupi mbili, pi-pi, basi. Mzee Sedekia alivumilia, akavumilia, mwishowe akapanda gari mpaka hapa, akamwingilia Mwalimu Mkuu ofisini. Sisi wa dobi tulikuwa tunaanika shuka nje, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mwanangu ni wa kwanza," alisema, "na kwangu lori linapita kama limebeba maiti! Mtoto wa jirani katoka wa mwisho kawa wa mwisho kasoro mmoja, mnampigia honi mpaka kuku wanakimbia mayai! Hii ni shule au ni kichekesho?"

Mwalimu Mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa utaratibu. Aliamua kwamba honi ya ripoti isipigwe tena mpaka Baraza la Shule likutane Januari na kukata shauri. Akamwita Mzee Jailos akamwambia waziwazi: ukiipiga, kazi huna. Mzee alivua kofia, akaivaa, akatoka. Siku hiyo hakula ugali wake, na Mama Rozalia wa jikoni ni shahidi.

Hakuwa anahuzunikia honi tu. Kwenye lori la Desemba ile alikuwamo kijana wa darasa la tisa, Saulo, wa Chimala. Saulo alikuwa ameshuka mpaka akawa wa mwisho. Mihula miwili mfululizo Shangazi alipita kwao kimya, na baba yake, Mzee Andendekisye, alikwisha kuapa: kimya cha tatu, mtoto anabaki kwenye mpunga, shule basi. Na karatasi Mzee Andendekisye hakuiamini, kwa kuwa aliwahi kusomewa ripoti na shemeji yake akaongezewa sukari. Aliiamini honi peke yake. Muhula ule Saulo alikuwa amepanda nafasi nne, mara yake ya kwanza, na honi ndiyo imekatazwa!

Mimi naijua safari hiyo kuliko nyingine zote, kwa kuwa nimehadithiwa na Saulo mwenyewe mara nyingi mno. Ndiye mume wangu, baba wa huyu Esta anayenipiga mateke.

Anasema kutoka Igawa hakuna aliyeimba. Mpunga ukaanza kuonekana. Kwa mbali wakamwona Mzee Andendekisye amesimama kando ya barabara, na mkononi ana jembe jipya, mpini mweupe, la Saulo. Nyuma yake mama yake Saulo, Mama Damari, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mzee Jailos aliweka mikono yote juu ya usukani, juu kabisa, watu wote waione. Lori likakaribia kimya.

Ndipo Didas akasimama. Ndiyo, Didas huyohuyo wa Chunya, mtoto mpole ambaye walimu walimsahau kwa jinsi asivyosema. Akaweka viganja mdomoni akapuliza: "Pooooooo!" Lori zima likageuka kumtazama. Akavuta pumzi: "Pooooooooo!" Wakadakia wote, wakubwa kwa wadogo, sauti nene na zilizokuwa ndiyo kwanza zinavunjika, wanapiga bodi la lori kwa ngumi, ng'ombe wa watu wanakata kamba.

Lori likasimama. Mzee Andendekisye alilizunguka, akatazama mbele, akatazama chini ya magurudumu.

"Jailos, Shangazi ana mafua?"

"Mikono yangu hii hapa, ndugu yangu. Mimi sijagusa kitu. Waulize hao."

"Amepanda, baba," Didas akasema kule juu. "Nafasi nne."

Mzee Andendekisye akamtazama mwanawe, akalitazama jembe. "Nne?" akauliza. Lakini Mama Damari alikuwa amekwisha kuanza vigelegele na hakuna aliyesikia jibu. Jembe liliingia shambani peke yake, limetupwa, na mpaka leo wanabishana liliangukia wapi.

Saulo hakutaka kushuka. Aliomba ruhusa aende mpaka Chunya na kurudi na lori, na baba yake siku hiyo angemruhusu kwenda hata Ulaya. Walifika Chunya watoto wamebaki wachache. Mzee Sedekia alikuwa barabarani amekunja mikono, amekuja kuhakikisha agizo linafuatwa. Hapo Saulo akaanza, na wenzake wakafuata: "Poooooo!" Wachache, lakini walipuliza mpaka mmoja akaanguka juu ya sanduku.

"Nani kapiga honi?" Mzee Sedekia alifoka.

"Sisi, baba," Saulo akajibu. "Ni ya Didas."

"Didas kapanda wapi? Huyu yuko juu siku zote!"

"Yeye hakupanda, baba. Muhula mzima kila baada ya kula alikaa na mimi kwenye hesabu, na wenzake wako uwanjani wanacheza mpira. Amenipandisha mimi."

 Mzee Sedekia alichukua sanduku la mwanawe akalibeba mwenyewe begani, jambo ambalo watu wa Chunya wanasema hawakuwahi kuliona.

Januari Baraza likakutana. Tulitega masikio hata kuliko siku ile ya shuka, kwa maana kama honi ingefutwa Mzee Jailos alisema angerudi Idodi kulima. Mzee Sedekia, aliyeitwa kwa kuwa shauri lilikuwa lake, alisimama wa kwanza, na wazee wengine wakasogeza viti nyuma kidogo. Akasema amebadili shauri. Honi irudi. Na iongezwe nyingine, ndefu ikifuatwa na fupi, ya mtoto aliyemsaidia mwenzake. "Halafu huyu dereva," akasema, "mbona amesimama mlangoni? Anajua habari za watoto wetu kabla yetu sisi. Mpeni kiti."

Basi wakampa. Alikuwa mfanyakazi wa kwanza kukaa katika Baraza la shule hii, naye amekaa mpaka leo. Kikao cha kwanza alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili kama usukani. Baadaye alizoea, tena alizoea sana. Mwenyekiti akizungukazunguka jambo lilelile, Mzee Jailos alikohoa mara mbili, fupifupi, na wajumbe wote walielewa kwamba kikao kimebaki palepale.

Hakukohoa tu. Ni yeye aliyeomba ripoti iandikwe juu kabisa, kabla ya nafasi na kabla ya alama, kama mtoto amepanda, amebaki au ameshuka. Ni yeye pia aliyesumbua vikao vitatu mpaka ikakubaliwa kwamba siku ya ripoti mama naye anaalikwa, anakaa, anasomewa, anauliza. Mwaka huu nimewaona akina mama wamekaa mstari wa mbele na watoto mgongoni, nami nikamtazama Esta wangu nikahesabu ni lini na mimi nitakaa pale. Na kiti chake Mzee barazani hakikwenda kwa mwanamume. Amechaguliwa Mama Rozalia wa jikoni, ambaye tangu wiki iliyopita anapakua maharage kwa heshima ya ajabu.

Saulo sasa ni mwalimu wa shule ya kati hapa jirani. Didas yuko chuoni Makerere. Mzee Sedekia na Mzee Andendekisye wamekuja wote leo, wameketi pamoja, wanacheka kwa sauti mpaka hatuisikii kwaya.

Limebaki jambo moja, Mzee wetu, na sasa utulie kitini.

Mke wako Marta, tunayemwita Mama kwa heshima, alikuja kukuona kutoka Idodi mwaka jana, tukafua naye. Alituambia maneno ambayo alicheka alipoyasema, ila hakucheka sana. Alisema: "Miaka yote hii anawapigia honi wake za watu. Mimi ananiletea vumbi." Ni kweli. Njia ya Idodi si ya Shangazi, na Mungu hakuwajalia mtoto wa kumpandisha lori lile. Hakuna ripoti iliyowahi kwenda mlangoni kwa Mama Marta.

Baraza limekaa juzi bila wewe. Ulidhani kikao kimeahirishwa. Tulikudanganya, na hatutashuka kwa miguu kama yule wa Igurusi. Limekuandikia ripoti. Ulikuja hapa ukizungusha hendeli, unaondoka ukiwa mjumbe. Kote ulikopita kuna watu walioinuliwa, na mmoja wao ninaishi naye nyumba moja. Wajumbe hawakubishana hata kidogo juu ya neno la kuandika mstari wa kwanza.

Kesho Jumamosi asubuhi Shangazi ataenda Idodi kwa mara ya kwanza. Ataendesha Joachim, dereva mpya. Wewe utakaa pembeni, mikono magotini, usiguse kitu. Nyuma watakuwamo wanafunzi na yeyote kati yetu atakayepata nafasi, na mimi na Esta tumekwisha kuweka yetu. Mama Marta ametumiwa habari asiende shamba, lakini hajaambiwa kwa nini. Tukiona paa la nyumba yenu Joachim atabonyeza ndefu, na fupi mwishoni, wala hataachia mpaka mama atoke mlangoni. Na honi ikichoka, midomo tunayo.

Asante, Mzee Jailos, kwa niaba ya watoto wote uliowafikisha na mama zao wote uliowaambia. Ukalime kwa raha, ukae na mwenzio jioni, na Mungu akuzidishie siku zenye afya na vicheko. Kamwene, baba, kama msalimianavyo kwenu Idodi. Twende tukupeleke nyumbani.