Mzee Absalom Wanyonyi, Aliyekataa Kungojea Jumamosi

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Matulo na wageni mliotoka Kitale, ninawasomea maisha ya baba yetu kwa niaba ya familia, mimi bintiye wa kwanza, Nakhumicha.

Baba alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951 hapa Matulo, karibu na chemchemi ambayo sote tumeinywea, akasoma shule ya msingi ya hapa hadi mwaka 1967, kisha akajifunza kazi ya mabomba Webuye.

Mwaka 1973 aliajiriwa Kitale kama fundi wa maji, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu, akiwaunganishia maji watu wa mjini hadi kule Kipsongo, na kila alipokuja nyumbani alirudi kazini na mtungi wa maji ya chemchemi yetu, ati chai ya Kitale si chai. Tulimcheka sana. Leo natamani nimcheke tena, hata mara moja tu.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na mama yetu Nekoye, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Zachary na Bilha, na alipostaafu mwaka 2006 akarudi hapa kulima.

Tarehe 11 Machi 2019 kampuni moja ilipewa kibali cha kuchimba mawe juu ya chemchemi, na sheria humpa anayepinga siku sitini tu, na baba na majirani tisa walikuwa tayari kuweka sahihi, lakini mama akatuacha tarehe 2 Mei, na hapa kwetu mtu hatoki kwenda ofisini mwili ukiwa haujazikwa, tukamngojea Zachary atoke Mombasa, tukangojea Jumamosi, siku yetu ya kuzika, tukazika tarehe 11, siku sitini zikiwa zimeisha jana yake. Rufaa ilipelekwa Jumanne, ikatupwa bila kusikizwa, kwa kuchelewa siku nne. Jicho moja la chemchemi likafunikwa na kifusi, na jamani, baba hakumlaumu mtu, ila kila jioni alienda kukaa pale, akimkumbuka mama na kuyakumbuka yale maji, sijui kipi zaidi.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2025 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa Kitale mara tatu, na mwishoni mwa Septemba, akiwa kitandani, habari zikamfikia kwamba kampuni ilipewa kibali cha pili tarehe 18 Agosti, cha kuchimba mpaka kwenye jicho lililobaki. Karatasi za rufaa ziliandikwa kwa jina lake, aape mbele ya wakili wetu Jumatatu tarehe 13 Oktoba kwamba yaliyomo ni kweli, naye akafariki Jumapili mchana.

Ijumaa kabla ya hapo alinishika mkono, akaniambia akienda asiwekwe mochari hadi Jumamosi. Kwa hivyo nyinyi mnaonong'ona ati mzee anazikwa Jumatano kama mtu asiye na watu, si sasa mmesikia. Siku ya sitini ni keshokutwa. Maiti haapi, basi karatasi zinaandikwa upya kwa jina langu, na tukishamfukia naondoka na wakili kwenda Bungoma kuapa na kuipeleka rufaa, kabla ya chakula, kabla ya kukaa nanyi nikalia jinsi ninavyotamani kulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale, wenzake wa idara ya maji, Mzee Muchiri wa Saboti aliyekuwa akimnyoa ndevu hospitalini kila wiki, na majirani mliochimba kaburi kwa siku moja bila kuuliza haraka ni ya nini.

Pumzika kwa amani, Baba. Mimi nitarudi Jumamosi nikulilie.