Namba ya Gervasi

Raissa, zima hiyo redio. Audax, acha kusimama mlangoni kama mgeni, kaa hapa mkekani karibu na dada yako, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sina nguvu ya kusema jambo mara mbili. Daktari aliwaambia ninyi, hakuniambia mimi, lakini niliona mlivyorudi mkitazama miguu yenu. Basi, niacheni niseme mpaka mwisho, kulia mtalia baadaye.

Mali yangu mnaijua. Nyumba hii ya Gitega ni ya mama yenu siku zote za maisha yake, na asitokee wa kumhamisha. Mashine ya kunakili achukue Raissa, baiskeli ichukue Audax. Shamba sina, na kwa nini sina, nitafika huko. Kilichobaki ni tovuti mbili, ya bei za masoko na ya ndugu waliopotezana, na hizo ndizo zilizowasomesha, zikaezeka hili bati mnalolitazama, zikanunua dawa zangu mpaka leo.

Kazi hii watu waliicheka. Mnakumbuka Faida, yule mama wa Bukavu anayeuza samaki wakavu soko la Muyinga, aliyekuwa akinisomea bei kwa simu? Siku moja aliniambia, "Mzee Nazario, we unatangaza bei ya maharagwe dunia nzima, na maharagwe yako iko wapi?" Nikamjibu kwamba mimi nalima ndani ya kompyuta. Akasema, "Ikiiva unitumie sahani." Iliiva, wanangu, lakini ilinichosha kuliko jembe. Watu husema mwenye tovuti zake hana bosi. Wangu walikuwa maelfu, nisiowajua sura, Kigoma, Uvira, Muyinga, na kila mmoja aliamka kwa saa yake akitaka apate kitu kipya. Miaka kumi na mitatu sikuruka siku. Siku ya ndoa ya dada yenu mkubwa niliandika bei ya mchele nikiwa na suti. Nimechoka, na sisemi uchovu wa ugonjwa.

Sasa sikieni jambo lenyewe. Mwezi uliopita kompyuta ya zamani ilikufa. Hii mpya ikaniuliza mimi ni nani. Nikaipa neno la siri, ikasema haitoshi, imetuma tarakimu sita kwenye simu yangu, nizisome niziandike. Na laini ile ya simu imefungwa, kama zilivyofungwa laini zote ambazo mwenye jina hakwenda kujithibitisha. Mwisho wa mwezi huu majina ya tovuti zote mbili yanatakiwa kulipiwa upya. Bila zile tarakimu hatuingii, tusipoingia hatulipi, tusipolipa yanachukuliwa na mtu mwingine, na mlo wa nyumba hii unakoma.

Audax, wewe ulidhani laini ni ya jina langu. Si ya jina langu. Ni ya Gervasi.

Ndiyo, huyo huyo baba yenu mkubwa wa Bugendana, ambaye nimewakataza kukanyaga kwake. Tulipotoka kambini Ulyankulu, Tanzania, mwaka 2009, Raissa ukiwa umebeba sufuria kichwani, mimi nilikuwa sina karangamuntu, kitambulisho cha huku, na bila karangamuntu hupati laini. Gervasi alitembea nami kutoka Bugendana mpaka hapa mjini, akatoa kitambulisho chake, akasema, "Chukua, mdogo wangu, ukipata chako utabadilisha." Nilipata changu baada ya miezi saba. Kubadilisha ni kazi ya asubuhi moja, tukienda wote wawili. Lakini wakati huo tulikuwa hatusemezani, na mimi nikaona bora nibaki na jina lake mfukoni kuliko kumwomba kitu.

Tuligombana kwa ajili ya ardhi. Nilikimbia mwaka 1972 nikiwa nimeshikwa mkono na mama. Yeye, mtoto wa mke mkubwa, alibaki na baba. Nilikuwa naukumbuka mteremko wetu wote ule mpaka mtoni, migomba mpaka chini. Niliporudi nikakuta wanalima watu wengine. Gervasi akasema, "Baba aliuuza mwenyewe, wakati wa njaa. Huu uliobaki tugawane, wewe huku, mimi huku." Nikamtukana. Nikamwambia aliuza yeye, akanywa bia. Nikaondoka na watoto wangu.

Na nilipofungua tovuti ile ya ndugu waliopotezana, mwanzoni haikusomwa na mtu. Tangazo moja, matangazo mawili, kimya. Ndipo nikakaa nikaandika ukurasa mrefu, kwa ustadi wangu wote, nikaweka na picha yake: Gervasi wa Bugendana, mwizi wa ardhi ya wakimbizi. Wanangu, ulisomwa. Kwa wiki moja ulisomwa na watu wengi kuliko wanaojaa uwanja wa Gitega siku ya sherehe. Wakautuma kambini Mishamo, wakautuma Kanada. Waliokuja kumsoma Gervasi wakabaki, wakaanza kutafuta ndugu zao, wenye biashara wakaleta matangazo yao. Hivyo ndivyo tulivyoanza kula.

Raissa, nipe maji. Kidogo tu.

Miaka mitatu baadaye bibi Lucia, mjane wa aliyenunua mteremko, alinifuata sokoni Makebuko. Alikuwa na karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Kidole gumba cha baba, majina ya mashahidi, mwaka 1988. Gervasi hakuuza hata shubiri. Nikasoma, nikamrudishia, nikasema asante, bibi. Nikarudi nyumbani, nikaweka mkono pale pa kufutia ule ukurasa, na nikaona namba ya waliousoma siku ile. Bado ndio uliokuwa ukileta watu. Nikasema kesho. Kesho hiyo ina miaka tisa sasa. Binti wa Gervasi alikataliwa na wakwe kwa sababu ya ukurasa ule. Na hilo nililisikia, nikaenda kuandika bei ya dagaa.

Audax, najua unamjua kijana wa kutengeneza vitambulisho vya bandia. Nilikusikia ukizungumza naye nyuma ya nyumba. Usithubutu. Jina la kaka yangu nimelitumia vya kutosha.

Mtafanya hivi. Mtakwenda Bugendana ninyi wawili, mtashuka barabarani na kupanda kilima kwa miguu. Mtachukua mtungi wa bia ya ndizi na mirija, mtauweka mbele yake, lakini msimwombe anywe, maana akinywa amesamehe. Kompyuta mtaibeba. Macho yake hayasomi vizuri sasa, kwa hiyo wewe, Raissa, utamsomea ukurasa wote, mkewe akiwepo, na binti yake kama yupo. Usiruke neno. Ukifika kwenye mwizi, soma mwizi. Kisha mwambie, baba yetu, mdogo wako, alijua tangu siku ya Lucia kwamba ni uongo, na aliuacha kwa ajili ya tumbo. Halafu nyamazeni. Msiitaje laini mpaka aulize kilichowaleta.

Akikubali kusimama dukani na kitambulisho chake, tarakimu zile zitakuja, na kitu cha kwanza kufutwa ni ukurasa huo, kabla ya kulipia chochote. Kidole cha kubonyeza kiwe chake. Kisha muandike ukweli mahali pale pale, kwa jina langu. Na nusu ya kinachoingia iwe ya nyumba yake, maana... maana ilianza kwake.

Akikataa, funikeni kompyuta, muageni mke wake kwa heshima, mrudi. Tovuti zife. Raissa utafundisha, Audax utabeba mizigo Muyinga na Faida. Hakuna aliyekufa kwa kuanza upya, mimi nimeanza mara tatu.

Shikeni mikono yangu. Mungu awape kazi inayowaacha mlale. Awape... watoto wanaothubutu kuwauliza mlilolifanya. Mpendane, msiwekeane kesho.

Hapana, Audax, si Jumamosi. Mwende leo, mvua imekatika. Mkienda na nguo za msiba atawapa, nani atamnyima marehemu? Nendeni ningali napumua... ili aweze kukataa.