Mwalimu Kunigunda na Magauni ya Kwaya ya Lipingo

Baada ya miaka ishirini na mbili ya kufundisha ubunifu wa mitindo katika chuo kikuu chetu hapa Mbinga, Mwalimu Kunigunda Mapunda amestaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kazi ya kuandika wasifu wake nilikabidhiwa mimi, Methodi, kwa kuwa wenzangu wote idarani walikuwa na kitu cha kushona kwa ajili ya hafla. Mimi nafundisha historia ya mavazi. Naweza kukueleza kaptula ilifikaje huku kwetu, ila kifungo changu kikikatika nakibana kwa pini hadi likizo.

Wenzangu nao si haba. Wageni wakija kutukagua huuliza idara ya mitindo iko wapi, nasi tumesimama mlangoni pake. Mwalimu Kunigunda alizoea kuwajibu kwamba kinyozi hajinyoi, kisha anawakaribisha chai.

Alizaliwa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, akajifunzia kushona kwenye cherehani ya mama yake kabla miguu haijafika chini. Alipokuja kwetu na shahada yake, idara ilikuwa na chumba kimoja na vyerehani vilivyopenda kukata uzi kuliko kushona. Ndiye aliyetufundisha kukata kitambaa bila kukata na meza. Leo wahitimu wake wana karakana zao Songea, Njombe na kwingineko, na mmoja wao, Beata, ndiye anayerithi darasa lake.

Hata hivyo, hakuna anayeweza kumtaja Mwalimu bila kutaja magauni. Mwaka wake wa kwanza hapa, kwaya ya akina mama wa Lipingo ilimwomba binti yao awashonee magauni ya jubilei ya kanisa. Kwa bahati walikuwa wamepanda Mbinga kwenye mkutano wa kwaya, mwezi wa Julai, na idara nzima ikawaendea na futi. Sasa, kwa baridi ya huku milimani, sisi wa Mbinga mwezi wa Julai hatuvui sweta. Wengine hulala nalo. Kwa hiyo tuliwapima akina mama juu ya masweta, na waliovaa mawili tukawapima juu ya mawili, wala hakuna msomi hata mmoja aliyeona ajabu. Mimi ndiye niliyekuwa nikitaja vipimo kwa sauti ya mamlaka.

Siku ya jubilei, kwa joto la ziwani, masweta yalibaki nyumbani. Ndani ya kila gauni palibaki nafasi ya mtu wa pili. Upepo ulipovuma, sauti ya kwanza yote ilivimba kama maandazi, na waumini wakaishiwa nguvu za kuitikia kwa kucheka.

Tangu siku hiyo, kila aliporudi kwao Mwalimu aliitwa Mama Gunia. Alicheka pamoja nao, lakini mwenye kovu usidhani amepoa. Ndoto yake ya kustaafu ni kufungua darasa la ushonaji Lipingo, na aliniambia mara nyingi, bila kucheka, kwamba hakuna mzazi atakayempeleka binti yake kwa Mama Gunia.

Ndiyo maana aliomba zawadi moja tu ya kuagwa: kwaya ileile ishonewe upya, na ije iimbe kwenye hafla yake. Safari hii hatukutaka mchezo. Tuliteremka wenyewe hadi Lipingo, tukawapima akina mama wakiwa na blauzi nyepesi, tukarudia kuwapima, kisha tukajipongeza njia nzima ya kupanda mlima.

Hafla tukaipanga hapa Mbinga. Mwezi wa Julai.

Bila shaka msomaji ameshatutangulia. Akina mama walishuka garini wakitetemeka, wamejikunyata ndani ya masweta, na hakuna zipu ya gauni jipya hata moja iliyokubali kupanda. Idara nzima ilisimama na futi shingoni. Mwalimu Kunigunda alikaa kitini akafunika uso kwa mikono, nami niliumia kumwona vile.

Ndipo Mama Ottilia, mkubwa wao wote, akafungua mfuko wake na kutoa gauni la jubilei ile, ambalo kumbe hulivaa kila anapopanda Mbinga. Akalivaa juu ya sweta. Likamkaa. Mabega yalikuwa mahali pake, kiuno mahali pake, na pindo liligusa kiatu kama lilivyochorwa. Mwalimu alimwendea akamwamkia Shikamoo.

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, akijigeuza ili tumwone wote. “Hili ulilipimia huku. Kosa ni letu sisi kuliteremsha ziwani.”

Wenzake walipoona hivyo wakavua masweta, wakavaa magauni mapya, wakaimba meno yakigongana. Mama Ottilia alisimama mbele, peke yake amepata joto. Mwalimu alilia, na sisi tuliosema ni vumbi tulisema uongo.

Mwalimu wetu, asante kwa subira yako na kwa kila mshono tulioharibu ukaufumua bila kutugombeza. Mama Ottilia ameagiza tuandike hapa kwamba mjukuu wake Rosina ndiye mwanafunzi wako wa kwanza, na futi ameshanunua. Nenda kwenu kwa amani, na maisha mapya yakukae vizuri. Siku Rosina atakapokuja kupimwa, mwambie kwanza avue sweta.